Hesabu Tena

Cape Town, 9 Februari 2003

Shangazi Ottilia,

Nakupigia makofi kwa adabu zote, nimechuchumaa hapa sakafuni kana kwamba umeketi mbele yangu. Mimi ni mzima. Baba ameniandikia kwamba mahindi ya Chipinge yamekauka mwaka huu tena, na mama siku hizi anapika ugali wa sadza mara moja kwa siku, mlo mwingine ni viazi vitamu. Hata hivyo wanacheka, kama unavyowajua. Wewe na Mzee Phineas mnaendeleaje huko Nyanga? Sikupigii simu kwa sababu nakumbuka ulivyotuambia kwamba simu ni ya misiba.

Habari yenyewe ni hii: nimepokelewa kwenye maabara ya Profesa Chitehwe, yule uliyemfundisha wewe Harare. Anachunguza lile doa jeusi la ubongo, seli zinazokufa kwa mtu mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa kukakamaa viungo. Panya wanachomwa sumu inayoua seli hizo, wengine wanapewa dawa ya mzizi kuona kama itazikinga, kisha ubongo unakatwa vipande vyembamba na sisi tunahesabu seli zilizobaki.

Tumeingia wawili kwa majaribio, mimi na Lwandile, mtu wa Mthatha. Nafasi ya uzamivu ni moja tu. Mwisho wa Juni Profesa atachagua, na atakayeachwa atafungasha. Nikiachwa mimi, kibali changu cha kuishi hapa hakitaongezwa na maabara nyingine hazichukui mtu aliyekataliwa na Chitehwe. Nimeitaka kazi hii tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, uliponionyesha ubongo wa ng'ombe kwenye beseni.

Aliposoma jina langu alisema, "Dhliwayo? Wa Dokta Ottilia?" Akacheka, kisha hakukutaja tena. Alikuwa mwanafunzi wa namna gani, Shangazi?

Wako,
Ropafadzo


Nyanga, 3 Machi 2003

Ropa, binti wa kaka yangu,

Makofi yako nimeyasikia. Yangu siku hizi hayalii, mkono wa kulia umekuwa mvivu, nadhani ni baridi ya mawe ya nyumba hii. Phineas yupo, analalamika. Juzi maziwa yaliungua nikiwa nimekaa mbele ya jiko lenyewe, akaja mbio kutoka bustanini kwa harufu ya moshi, akaniuliza kama nalala macho wazi. Nikamwambia aliyeoa mwanamke wa vitabu asidai maziwa. Sukari hakuna, mafuta ya taa hakuna, viazi vipo.

Chitehwe alikuwa na viatu vibaya na macho mazuri. Alihesabu sawasawa. Sikumsifu hata siku moja na ona alipofika. Wewe nawe usitafute sifa pale. Akikukaripia mbele za watu, shukuru, maana yake bado anakuona mtu. Siku akianza kukusemesha kwa upole, anza kukunja nguo zako.

Na usiniletee machozi kwenye karatasi. Baba yako alikuwa akilia hata akikosa penseli, na wewe umefanana naye kidevu.

Shangazi yako


Cape Town, 6 Aprili 2003

Shangazi,

Salamu kutoka kwenye mvua ya kwanza. Nimehamia chumba cha nyuma kwa mama mmoja wa Kixhosa anayenipikia maharage na mahindi ya kukoboa, na ananiita "mtoto wa panya" kwa sababu ya harufu ninayorudi nayo. Barua yako niliisoma nimesimama dirishani. Umeanza kubana maneno, mwisho wa mstari yanakuwa kama mchwa. Zamani ubao wako ulisomeka kutoka mlango wa nyuma.

Sasa nisikilize. Profesa ametupa kila mmoja masanduku mawili ya slaidi, A na B, slaidi ishirini kila sanduku. Hatuambiwi lipi ni la panya waliopewa dawa. Ufunguo uko kwenye bahasha iliyofungwa, na bahasha iko kabatini kwake. Lakini yeye mwenyewe alituambia, "Nategemea B wawe na seli nyingi zaidi. Dawa hii inafanya kazi."

Kila Jumatatu tunasimama mbele ya maabara nzima. Wiki iliyopita alianza na Lwandile.

"Haya, umeona nini?"

"Hakuna tofauti, Prof."

"Hakuna?"

"Hakuna."

"Mtu asiyeona tofauti kati ya panya mgonjwa na panya mzima anaweza kuuza viazi. Umewahi kuuza viazi, Lwandile?"

"Bibi yangu anauza, Prof."

"Basi amepata mrithi. Hesabu tena."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, nakwambia ukweli. Kisha akanigeukia. "Na wewe, Dhliwayo?" Nikamwambia bado nahesabu.

Nilikuwa nimemaliza siku nne kabla. Nilihesabu slaidi zote arobaini na kile kidude cha kubonyeza kwa gumba, mpaka gumba likavimba. A na B ni sawa. Nikarudia, sawa. Lakini yeye anasema tofauti ipo, na yeye ndiye Chitehwe. Nikisema ninachokiona nitakuwa Lwandile wa pili, na Juni iko karibu. Wewe umefundisha watu kuhesabu seli miaka ishirini na sita. Ungekuwa mimi ungefanya nini?

Ropa


Nyanga, 19 Mei 2003

Ropa,

Barua yako ilifika Aprili. Nimechelewa kwa sababu gari la posta halina mafuta, na kwa sababu nyingine ambazo si za kwako. Naandika kwa herufi ndogo kwa kuwa karatasi zimeadimika kama mkate, kwa hiyo acha kunihesabia mchwa.

Phineas ana kikohozi. Mimi nimegombana na mchungaji. Alikuja nyumbani na mkewe kuniuliza kosa lake ni nini, eti ibada nzima nilimkazia uso kama mtu aliyeletewa deni la jirani. Nikamwambia mahubiri yalikuwa mazuri. Hakuamini. Hata mkewe hakuamini, na yule ni mjinga wa kuamini chochote. Tangu hapo wanawake wa kanisa hawaji tena Alhamisi kuchambua mboga nami. Wafanye watakavyo.

Kuhusu masanduku yako. Chitehwe ana macho ya miaka ishirini, wewe una macho ya miezi miwili. Kama yeye anaona na wewe huoni, jiulize kipofu ni nani. Hesabu tena. Na unajua kwamba kipande cha ubongo hukunjika wakati wa kukatwa, na kilichokunjika hudanganya. Kila mhesabuji ana ruhusa ya kuvitoa vilivyokunjika. Vipi vimekunjika, hilo ni la macho yako na dhamiri yako, sina la kuongeza.

Shangazi


Cape Town, 10 Juni 2003

Shangazi mpendwa,

Makofi na shukrani. Mpe pole Mzee Phineas, mwambie anywe maji ya moto na limau.

Nilifanya ulivyosema. Nilipitia slaidi upya nikitafuta zilizokunjika. Zilipatikana kumi na moja. Tofauti sasa ipo, Shangazi, na ni nzuri, B wanazidi A kwa zaidi ya robo. Jumatatu niliposoma hesabu, Profesa alisema kwa upole sana, "Asante, Ropafadzo. Ziandike safi, uniletee zikiwa na sahihi yako." Ni mara ya kwanza kuniita jina langu. Lwandile bado anasema hakuna tofauti, na juzi aliambiwa mbele ya wageni kwamba Mthatha kumepotea muuza viazi. Namhurumia, lakini nafasi ni moja.

Nisaidie na kitu kidogo. Tuna zoezi la kuwauliza watu wazima maswali mepesi, na mtu mzima wangu ni wewe. Je, ukifungua kopo la kahawa unasikia harufu? Ukitembea, mikono yote miwili inacheza mbele na nyuma? Unageuka kitandani bila shida? Andika tu yanavyokuja.

Ropa wako


Nyanga, 24 Juni 2003

Ropa,

Kahawa ilipotea nchi hii tangu mwaka jana, ila sabuni ya Phineas inayomfanya kila mtu apige chafya mimi siinusi, na naona ni neema. Mkono wa kushoto unacheza, wa kulia nimeutia mfukoni kwa baridi. Kitandani nageuka kama gogo, nina miaka sitini na mitatu, ulitaka nigeuke vipi? Zoezi la kitoto. Nani anawafundisha siku hizi?

Umeandika kwamba zilipatikana kumi na moja. Nimesoma mstari huo mara mbili. Hukuandika zilitoka sanduku gani.

Phineas anapona.

Shangazi


Cape Town, 3 Julai 2003

Shangazi Ottilia,

Sikupigii makofi leo.

Jumatatu ya tarehe thelathini Profesa alileta bahasha mbele ya watu wote. Alikuwa na karatasi yangu yenye sahihi mkono mmoja, bahasha mkono wa pili. Akaniambia, "Tusomee namba za slaidi ulizotoa." Nikasoma. Saba kutoka A, nne kutoka B. Akasema, "Zile saba za A zilikuwa na seli nyingi?" Nikafunua kurasa za daftari. "Nimekuuliza, Ropafadzo." Nikasema ndiyo. "Na zile nne za B?" Nikasema zilikuwa na seli chache.

Akamwita Lwandile kuja kufungua bahasha. Ndani kulikuwa na sentensi moja. Slaidi zote arobaini, A na B, zinatoka kwa panya mmoja mzima, hakuchomwa sumu wala hakupewa dawa.

Nilikuwa nimekuta tofauti ya robo kati ya panya na panya yuleyule.

Hakunikaripia. Aliwaambia wengine, "Mtu huyu si mjinga. Alihesabu vizuri mara mbili, nimeona daftari lake la Machi. Alijua. Ndiyo maana hawezi kubaki." Kisha akampa Lwandile mkono na kumwomba radhi kwa habari ya viazi, na Lwandile akalia, mtu mzima yule, akilia na kucheka. Mimi niliokota mkoba wangu. Nikiwa mlangoni Profesa akasema, "Msalimie shangazi yako. Jaribio hili ni lake. Mimi alinipa mwaka themanini na sita."

Nimerudi mezani nikatoa barua zako zote. Nilikueleza masanduku yote mawili, nikakutajia hadi bahasha. Ulijua siku ileile uliposoma. Na wewe ndiye uliyeniambia habari ya vipande vilivyokunjika, mimi hata sikuwa nimeviwazia. Nilikuuliza swali kama mtoto anavyomuuliza shangazi yake, hapa duniani sina mwingine wa kumuuliza. Nijibu. Ulijua au hukujua?

Ropafadzo


Nyanga, 1 Agosti 2003

Ropafadzo,

Phineas ni mzima. Baridi imeua viazi vya shamba la chini.

Nilijua.

Mwaka themanini na nne mwanafunzi wangu mmoja, msichana mwenye bidii kama wewe, aliniletea hesabu tamu za mzizi mmoja. Niliona nilichotaka kuona, nikazichapisha. Watu wagonjwa waliacha vidonge vyao wakanywa maji ya mizizi karibu miaka miwili. Nilikwenda kwa mmoja wao, mwalimu wa shule, nikamkuta amekauka kwenye kiti, mate yanamtoka, mkewe ananishukuru kwa utafiti wangu. Nikarudi, nikachukua panya mmoja mzima nikamgawa masanduku mawili. Tangu siku hiyo hakuna aliyepata nafasi kwangu bila kupita hapo. Kumi na tisa waliingia, wanane walipita. Wanane hao unaweza kuwakabidhi mama yako.

Unadhani ningekuonya kwa kuwa wewe ni damu yangu? Ningekuonya ungepita, na ningekuwa nimempelekea Chitehwe mwizi aliyefundishwa mlango. Nilikusukuma, ndiyo. Nilitaka kujua kama ukisukumwa na mtu unayempenda utasimama. Huko mbele kila mtu angekusukuma, wenye dawa, wenye majarida, wenye vyeo. Ni afadhali uanguke kwa panya.

Nilikuandikia kwamba hilo ni la macho yako na dhamiri yako. Macho yako yalisema kweli mara mbili. Kilichobaki unakijua wewe.

Siombi radhi. Nilikuwa nakutakia upite kuliko nilivyomtakia mtu yeyote, na ukianguka nilitaka uanguke mapema. Rudi Chipinge ukamsaidie mama yako.

Shangazi


Cape Town, 12 Oktoba 2003

Shangazi Ottilia,

Sikurudi Chipinge. Kibali changu kina uhai hadi Desemba, na Profesa amenipa kazi ya kuosha vizimba vya panya. Lwandile huniletea trei zake chafu na kuniambia "samahani, dada" kila anapoziweka. Nilimwomba aache kusema samahani, ameshindwa. Baba anajua. Aliandika mstari mmoja, kwamba chumba changu bado kipo.

Nimepata muda wa kuhesabu, kwa hiyo nimekuhesabia kitu. Barua zako nne, kuanzia Machi hadi Agosti, nimeziweka chini ya hadubini ya kufundishia nikapima kimo cha kila herufi "a" uliyoandika, kwa ile rula ndogo ya kioo. Machi ni milimita tatu. Mei ni mbili na robo. Juni ni mbili kamili. Agosti ni moja na nusu, na katika kila mstari herufi zinaanza kubwa zinaishia ndogo. Nimepima mara mbili. Sikutoa hata herufi moja, hata zile zilizo juu ya mikunjo ya karatasi.

Maziwa yaliungua hukunusa, na sabuni ya Mzee Phineas huinusi. Mkono wa kulia hauchezi. Kitandani unageuka kama gogo. Mchungaji alidhani umemkasirikia, kumbe uso wako umeganda, hauwezi tena kutabasamu upesi. Unajua orodha hii. Ndiyo uliyonifundisha kwenye beseni la ubongo wa ng'ombe, na kwenye maabara yenu ilikuwa imebandikwa ukutani. Una Parkinson, Shangazi. Umefundisha ugonjwa huu nusu ya maisha yako, na umeuandika kwa mkono wako mwenyewe barua baada ya barua.

Nilishuku Aprili, nikakutania habari ya mchwa ili nione utasema nini. Juni nilikuuliza yale maswali, na hapakuwa na zoezi lolote. Jibu lako lilipofika nilikuwa nimejua. Utaniuliza kwa nini sikusema. Juni niliogopa kukuumiza. Julai nilikuwa nimeacha kuogopa. Nilitaka kuona kama ukiachwa peke yako na dalili zako mwenyewe utaona kilichopo, au utaona unachotaka. Uliona baridi, na karatasi iliyoadimika, na mchungaji mkorofi.

Vidonge vipo, kwenye duka la dawa hatua chache kutoka hapa ninapoandikia. Havizuii seli kufa ila vinamrudishia mtu mkono wake kwa miaka kadhaa, na uso wake. Ungekuwa navyo tangu Juni. Daktari mmoja hapa yuko tayari kuandika cheti cha dawa kwa maelezo yangu mpaka upate wa kukuona Mutare.

Ukivitaka, omba. Niandikie kwa mwandiko wako mwenyewe.

Ropafadzo


Nyanga, 20 Novemba 2003

Ropafadzo, binti wa kaka yangu,

Barua hii ameiandika Bi Rejoice wa posta, mimi nikisema na yeye akifuata, kwa hiyo usijisumbue kuipima. Anakusalimu. Amesoma yako pia, ilibidi anisomee kurasa za mwisho kwa kuwa mkono uligoma kufunua, na tangu hapo ananitazama kwa huruma ambayo sikumwomba.

Mvua imeanza. Phineas amepanda maharage. Nilimpa barua yako akaisoma mezani, akatoka nje, akarudi giza limeingia na kusema amekuwa akijua kuna kitu tangu Krismasi ila aliogopa mdomo wangu. Ndivyo nilivyo, basi.

Mkono niliujua. Sikuutaja jina lakini niliujua. Uso sikuujua. Nilidhani watu wamenichoka tu. Miezi yote ile nilikaa Alhamisi na bakuli la mboga nikiwasubiri wale wanawake, nikisema wafanye watakavyo, na kumbe ni uso wangu ndio uliokuwa ukiwafukuza. Hilo ulinificha miezi minne, na ndilo lililoniuma. Najua ulitaka liume. Nami nilitaka lile la Juni likuume, kwa hiyo tusidanganyane.

Umehesabu vizuri. Hukutoa kitu, ulirudia mara mbili, ukasema ulichoona kwa mtu ambaye hakutaka kusikia. Ungehesabu hivi mwezi Juni, leo Lwandile ndiye angekuwa akiosha vizimba. Nimemwandikia Chitehwe maneno hayohayo, sikumwomba lolote, na hatafanya lolote. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Bi Rejoice ananiambia karatasi inakwisha na kwamba nitie sahihi. Kalamu ninayo mkononi, imenichukua muda kuishika. Uliniambia niombe kwa mwandiko wangu. Hapa chini kuna neno moja. Litafute kwa hadubini.

tuma